Kabla Hujapanda Pikipiki Isiyo na Breki

Mtoto wa rafiki yangu, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa hapa mashariki mwa Uingereza, alinifuata mechi ilipokwisha. "Mjomba, nataka speedway iwe kazi yangu. Nianzie wapi?" Speedway ni mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo. Nikamwambia aanze na daftari la hesabu. Akaona namkwepa. Hapana. Misimu sita nimekuwa fundi msaidizi wa mwendeshaji mmoja, na wengi niliowaona wakiacha hawakushindwa na kona. Walishindwa na madeni.

Pikipiki yenyewe haina mengi: injini ya cc 500, silinda moja, mafuta ya methanoli, gia moja, breki hakuna. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, kama dakika moja hivi mbio imekwisha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho sifuri. Hiyo sifuri iangalie vizuri, kwa sababu kwenye ligi wengi hulipwa kwa pointi, huku injini, matairi, fundi na gari la kubebea pikipiki vikiwa juu yako mwenyewe.

Kwa hiyo fungua akaunti mbili. Pointi zikilipwa, fungu la injini litoke kwanza, kabla hujajinunulia hata kiatu. Mwendeshaji wetu hakufanya hivyo msimu wake wa kwanza. Mwezi wa saba injini ikafa, akakosa mechi tatu akihangaika kuazima, na asiyekimbia halipwi.

Kisha jifunze gereji. Uwanja hubadilika usiku huohuo mmoja: udongo unakauka, tope linasukumwa ukutani, na sproketi, lile gurudumu la meno la mnyororo, iliyokufaa mbio ya kwanza inakuangusha mbio ya nne. Mwendeshaji akiniambia, "Inazungusha tairi mno ikitoka kwenye utepe wa kuanzia mbio," najua pa kushika. Akisema tu "haiendi," nabaki kubahatisha, na muda hautoshi kubahatisha.

Ukikataliwa na timu, usidhani ndiyo basi. Ivan Mauger alitoka New Zealand mwaka 1957 akajaribu timu ya Wimbledon hapa Uingereza, hakufua dafu, akarudi kwao. Alikuja tena 1963 kupitia timu ya Newcastle. Mwaka 1968 akawa bingwa wa dunia, na akaja kulitwaa taji hilo mara 6.

Hatari sitakuficha. Darcy Ward wa Australia, bingwa wa dunia wa vijana mara mbili, alianguka Zielona Góra, Poland, Agosti 2015, akavunjika uti wa mgongo na kupooza. Alikuwa na miaka 23. Bima ya ajali ilipwe kabla ya mbio ya kwanza, na mama yako umweleze haya wewe mwenyewe, asiyasikie kwa jirani.

Ukishaongea naye, njoo Alhamisi na ovaroli na buti za mpira. Kuna pikipiki mbili za kuosha.