Kabla ya kupandisha mijusi wenye ndevu, piga hesabu ya nyenje

Wiki hii msomaji amenitumia picha ya jike wake, mayai 24 yamelala mchangani, na swali moja: atauza watoto kwa bei gani ili apate faida? Swali hili haliishi kuja, na kila anayeliuliza ameanzia mwisho. Bei huja baadaye. Kwanza tuzungumze nyenje.

Mtoto wa mjusi mwenye ndevu (Pogona vitticeps, yule wa nyika kavu za bara la ndani la Australia) hula nyenje wadogo 30 hadi 50 kwa siku, akilishwa mara tatu mpaka tano. Tuchukue 40. Tuseme kati ya mayai yale wameanguliwa watoto 20: wanataka nyenje 800 kila siku. Mtoto hapaswi kuondoka kwako kabla ya wiki 8, yaani siku 56, kwa hiyo unahitaji nyenje 44,800. Hao ni wa awamu moja tu ya mayai. Na jike akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu mwilini, akaja kutaga tena baada ya wiki tatu hadi tano, kisha tena, bila dume kumsogelea. Msimu mmoja unaweza kukuletea awamu tatu au zaidi, na wale wa pili huanguliwa wakati wa kwanza bado wanakutazama wana njaa.

Umeme nao haukusamehe. Watoto 20 wanataka angalau vizimba vinne. Kila kizimba kina taa ya joto ya wati 75 na tyubu ya UVB (miale ya urujuanimno inayomwezesha mjusi kutumia kalisiamu) ya wati 24, tuseme wati 100 kwa jumla, zikiwaka saa 12. Vizimba vinne vinakula karibu uniti 4.8 kwa siku, takriban uniti 270 kwa wiki 8. Hapo sijahesabu mashine ya kutotoleshea, kalisiamu, vipimo vya kinyesi, wala kizimba cha baba na kizimba cha mama. Ndiyo, viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 120, kwa sababu dume na jike hawakai pamoja. Dume atampanda kila siku mpaka ashindwe hata kula.

Anayesema kwamba mtaji ni kununua dume na jike tu, huyo hajawahi kulisha watoto.

Sasa jike mwenyewe. Asipandishwe kabla ya kufikisha miezi 18, na mimi hupenda afike miaka miwili, akiwa na uzito usiopungua gramu 350. Umri bila uzito hautoshi, na uzito bila umri ni mbaya zaidi, maana jike mdogo aliyenenepeshwa huwa bado anajenga mifupa yake. Mayai yanachota kalisiamu, na chakula kisipotosha, kinachochotwa ni mfupa. Utaona vidole vikitetemeka, taya likilegea ukilibonyeza kidogo, miguu ya nyuma ikiburuzwa. Mpe wadudu waliopakwa unga wa kalisiamu kuanzia wiki kadhaa kabla ya kumpandisha mpaka wiki kadhaa baada ya kutaga, na usiache tyubu ya UVB izeeke: huendelea kuangaza wakati miale imeshakwisha, kwa hiyo ibadilishwe kila miezi 6 hadi 12 kama mtengenezaji anavyoelekeza. Mwanga wa jua unaopita kwenye kioo cha dirisha hausaidii kitu. Kioo huzuia UVB.

Kabla ya yote, wapime wazazi wote wawili. Kinyesi kwa ajili ya koksidia (vijidudu vya utumbo) na minyoo, na kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, kwa ajili ya adenovirusi. Hiki cha pili kirudiwe, kwa sababu mjusi aliyeambukizwa hatoi virusi kila siku, na jibu safi la mara moja halikuhakikishii lolote. Mzazi anaweza kuonekana mzima miaka yote, huku watoto wake wakidumaa na kufa mmoja mmoja.

Kupandana kwenyewe hakuna la kufundisha. Dume hutikisa kichwa juu na chini, ndevu zinakuwa nyeusi tii, jike akipunga mkono taratibu dume humng'ata shingoni na kumpanda. Dakika chache, basi. Mtoe dume.

Wiki nne hadi sita baadaye tumbo la jike huonyesha mayai ubavuni kama gololi ndani ya soksi, naye huanza kuchimba kila kona. Hapo awe tayari ana sanduku la kutagia, lenye kina cha sentimita 30 au zaidi, lililojaa mchanganyiko wa mchanga na udongo usio na mbolea. Unyevu wake upime kwa ngumi: bana kiasi, fungua mkono. Bonge libaki limeshikana bila tone la maji kudondoka. Ukiwa mkavu handaki linamporomokea na anaacha. Ukiwa tope hataki hata kuingia. Jike anayechimba siku mbili bila kutaga, kisha akalegea na kufumba macho mchana, mayai yamemkwama. Usimkande tumbo wala usimmiminie mafuta. Ni daktari anayewajua reptilia, leo, na huenda ikawa upasuaji. Kama huna fedha ya upasuaji huo pembeni kabla ya kupandisha, bado hujawa tayari kupandisha.

Mayai yakishatoka, weka alama ya penseli juu ya kila moja na uyahamishe yakiwa katika mkao uleule. Baada ya siku ya kwanza kiinitete hujishikiza juu, na kuligeuza yai ni kukiua. Yalaze nusu ndani ya vamikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu) iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa, kwenye kisanduku chenye mfuniko, nyuzi 28 hadi 29 za Selsiasi. Yataanguliwa baada ya siku 60 hadi 70 hivi. Wengine hupandisha joto ili wawahi. Joto likipita nyuzi 32, mayai yenye kromosomu za dume huanza kutoa majike, na ukizidi kupandisha unaanza kupoteza mayai. Yai lililogeuka njano na kubonyea mapema limekufa. Lililobonyea siku chache kabla ya kuanguliwa liache, ni kawaida.

Na hapa ndipo kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kama una uwezo wa watoto 10 na jike ametaga 24, yale 14 yagandishe kwenye friza siku hiyohiyo ya kutagwa. Kugandisha yai la siku moja si ukatili. Ukatili ni watoto 14 wanaokatana vidole kwa njaa.

Maana watakatana. Mtoto wa mjusi huyu huzaliwa na gramu mbili tatu, na chochote kinachotikisika mbele yake ni chakula, ukiwemo mkia wa ndugu yake. Mwache ndani ya mashine saa 24 amalize kufyonza kiini, kisha mhamishie kizimba chenye karatasi chini. Mchanga hapana, ataumeza. Weka watano kwa kizimba, na kila baada ya siku tatu wapange upya kwa ukubwa, kwa sababu mmoja aliyekua haraka huwatisha wengine mpaka waache kula, na wasiokula huzidi kuwa wadogo. Sehemu ya kuotea joto iwe nyuzi 40 hadi 42, upande wa baridi 25 au 26. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mtoto. Mkubwa zaidi humkwama, na wapo wanaopooza miguu kwa ajili hiyo. Wanaobaki jioni waondoe wote, nao hung'ata. Mboga za majani zikatwe ndogondogo kila asubuhi hata kama hakuna anayezigusa wiki ya kwanza. Wapime wote kila wiki kwa mizani ya gramu. Mtoto asiyepanda uzito wiki mbili mfululizo hauzwi, anapimwa kinyesi.

Kuna la wazazi pia, na hili linaniudhi. Wapo mijusi wa mgongo laini, waliopungukiwa magamba kwa sababu ya nakala moja ya jeni. Ukipandisha wawili wa aina hiyo, kwa wastani robo ya watoto hupata nakala mbili na kuzaliwa bila magamba kabisa. Wanapendeza kwenye picha. Ngozi yao hukauka, hupasuka wakati wa kujivua, huungua kwa taa ambayo ndugu zao wanaiotea kwa raha. Mpandishe mgongo laini na mwenye magamba ya kawaida, utapata nusu kwa nusu bila kumzalisha mgonjwa yeyote. Dada na kaka usiwapandishe, hata kama rangi inakutamanisha.

Mnunuzi akija, muulize ana kizimba cha ukubwa gani na taa ipi kabla hajauliza bei. Mweleze kwamba mjusi huyu huishi miaka 8 hadi 12, na kwamba hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima, kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si mahali pake. Mpe karatasi yenye tarehe ya kuanguliwa, uzito wa kila wiki, majibu ya vipimo na chakula anachokula, pamoja na namba yako. Andika humo kwamba akishindwa kumtunza, amrudishe kwako, awe na miezi minne au miaka minne. Kwa hiyo kizimba kimoja kibaki kitupu muda wote.