Kabla hujalipia mbegu za pilipili, muulize muuzaji maua aliyatengaje

Mkuu, usitume hiyo hela kwanza. Umeandika kwamba umempata muuzaji mwenye pakiti ya mbegu za habanero, zile pilipili kali, za rangi zote, picha za matunda zinavutia, watu kibao wamemsifia, na unataka kujua kama umwamini, kama mbegu zianzie kwenye trei, na kila mche uingie ndoo ya ukubwa gani. Hayo ya ndoo yanasubiri. Kilichonigusa ni hiyo picha, kwa sababu mimi nilipigwa kwa picha ya namna hiyohiyo.

Niliuziwa mbegu zilizoitwa habanero ya chungwa na habanero ya kahawia. Zingekuwa mbovu ningejua mapema na yangeisha. Lakini ziliota zote, tena miche mizuri yenye afya. Habanero ni Capsicum chinense, spishi isiyo na haraka: kuota kwenyewe huchukua hata wiki mbili hadi nne, na hapo udongo uwe na joto la nyuzi 25 hadi 30. Ukishahamisha miche bado unasubiri miezi mitatu au minne ndipo tunda liive. Muda wote huo unamwagilia, unapambana na vidukari, unaikinga miche isipigwe na upepo, na hakuna jani litakalokuambia umedanganywa.

Nilijua siku matunda yalipokomaa. Mche mmoja ulizaa pilipili ndefu nyembamba, ngozi laini kama ya hoho. Wa pembeni yake, wa pakiti ileile, ukawa na vipilipili vidogo vinavyotazama juu. Mwingine matunda ya duara, ukikata yananukia majani mabichi. Lile umbo la taa lenye mikunjo, ile harufu ya matunda matamu inayokupanda puani kabla hata ya ukali, sikuipata kwenye mche hata mmoja. Msimu mzima ulikuwa umekwenda, na pilipili hairudishi msimu hata urudishiwe hela.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu la kwanza lilikuwa "udongo wako". La pili, "jua halitoshi". Hapa ndipo damu inanichemka mpaka leo. Ukame na joto vinaweza kupandisha au kushusha ukali, hilo kweli. Lakini hakuna udongo unaoifanya habanero izae pilipili ndefu kwenye mche huu na ya duara kwenye mche ule, yote kutoka pakiti moja. Mtu anayeishi kwa kuuza mbegu analijua hilo. Alikuwa anamtupia lawama mteja aliyehangaika na mbegu zake kwa miezi. Nilipombana akaleta utetezi wa mwisho: "Matunda niliyotoa mbegu yalikuwa habanero kamili, picha uliiona."

Na kwa hilo alisema kweli. Ndiyo maana nakuomba uisome sehemu hii taratibu, kwa sababu wanunuzi wengi wanaumizwa hapa. Nyama ya tunda ni mwili wa mmea mama. Nyuki akitoka kwenye pilipili nyingine akatua kwenye ua la habanero, tunda litakalotokea bado litakuwa habanero kwa umbo, kwa rangi na kwa ladha. Uchotara umekaa kwenye mbegu zilizomo ndani yake, na atakayeuona ni yule atakayezipanda. Kwa hiyo picha ya tunda, hata ikiwa ya kweli kabisa, haithibitishi chochote kuhusu mbegu. Wauzaji wa aina hii watakuambia pilipili hujichavusha yenyewe. Hujichavusha, ndiyo, lakini wadudu nao huzichanganya, na ukizipanda zimebanana hivyo ndivyo mchanganyiko unavyoongezeka. Huyu wangu, nilikuja kugundua, alikuwa na aina zake zote kwenye tuta moja, wazi, kisha anakamua mbegu na kuzipa majina kwa kuangalia tunda.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: maua uliyatengaje? Usiulize kama mbegu ni nzuri, usiulize kama zinaota. Mkulima aliyefanya kazi yake atafurahi kuulizwa na atakueleza mpaka uchoke. Atakuambia alivalisha tawi mfuko wa chandarua chembamba maua yakiwa bado yamefumba, akawa anatikisa tawi ili chavua idondoke, vitunda vilipotunga akauvua mfuko na kufunga uzi kwenye kikonyo cha kila kimoja, na mbegu akatoa kwenye yale yenye uzi peke yake. Au atakuambia alifunika mche mzima, au alipanda aina moja mbali na nyingine zote. Yote hayo ni majibu. "Mbegu zetu ni za asili, hazina kemikali" si jibu. "Tuna wateja wengi" si jibu. Akisema ni F1, hilo ni jibu halali pia: ni chotara iliyotengenezwa kwa makusudi, miche itafanana, ila mbegu utakazotunza mwenyewe msimu ujao hazitarudia mama yao.

Sifa za wateja nazo zitazame tarehe. Watu husifia pakiti ikifika, au mbegu zikichipua. Wachache mno wanarudi baada ya mavuno kusema walichokuta kwenye mche, na hao ndio wa kuwasikiliza.

Usidhani pakiti iliyochapishwa vizuri inakuokoa. Mwaka 2023 huko Marekani watu wengi walinunua mbegu na miche ya jalapeño wakavuna pilipili nyingine kabisa, zikiwemo za njano, kwa sababu mbegu zilikuwa zimechanganywa huko juu kwa msambazaji kabla hazijafika madukani. Kwa hiyo muulize pia kama amezalisha mwenyewe au anafungasha za mwingine. Kufungasha si dhambi, mradi anajua zimetoka kwa nani na zilivunwa mwaka gani. Mbegu ya pilipili ikiwekwa pakavu na penye ubaridi hukaa miaka michache, lakini inapoteza nguvu kila mwaka, na pakiti isiyo na mwaka mimi siigusi.

Kisha ipitie orodha yake yote, usiishie kwenye hiyo habanero. Ukikuta anauza mbegu za pilipili ya buluu inayong'aa, ondoka hapo hapo. Pilipili za zambarau zipo na nyeusi zipo, ila hiyo buluu ni rangi ya kompyuta. Ukikuta anauza mbegu za Pepper X, ondoka pia. Ndiyo pilipili iliyotangazwa na Guinness, wale wa rekodi za dunia, mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote, kwa wastani wa vipimo vya Scoville (kipimo cha ukali) 2,693,000, ikaivua taji pilipili ya Carolina Reaper. Zote mbili zilizalishwa na Ed Currie wa South Carolina, na mbegu za hiyo mpya alipoitangaza alibaki nazo mwenyewe, hakuziweka sokoni. Na akikutumia picha ya mbegu za rocoto zikiwa na rangi ya maziwa, hiyo si rocoto, kwa sababu rocoto ni spishi nyingine ya pilipili, Capsicum pubescens, na mbegu zake ni nyeusi. Anayedanganya kwenye moja ya hizo hatashindwa kudanganya kwenye habanero yako.

Mwandikie leo, kwa maneno haya: "Mimea mama uliitengaje na nyingine, na mbegu zilivunwa mwaka gani?" Usimwongezee kitu kingine, usimpe mwanya wa kujibu la pembeni. Jibu lake libandike hapa kabla hujalipa, tulisome pamoja.