Kwa mnaoanza na vimondo vyeusi: jina liacheni kwanza

Vijana wengi wanaokuja Mbeya kujifunza mawe wameshafika Mbozi, kwenye kilima cha Marengi, wakapiga picha na kimondo. Basi kichwani kimondo ni chuma, tani kwa tani. Ukiletewa cha kaboni kilichookotwa juu ya barafu ya Antaktika, hayo yaweke pembeni. Ni chepesi, cheusi kama kipande cha mkaa, na aina nyingine humomonyoka kama donge la udongo mkavu. Usikishike kwa mkono mtupu.

Kabla ya kukipa jina la kundi, andika unachokiona. Ganda lililoungua angani limebaki pande ngapi? Sehemu iliyovunjika inaonyesha viduara, yaani kondruli? Vina ukubwa gani? Hapo ndipo makundi ya vimondo vya kaboni, yanayoitwa kwa herufi CV, CM na CI, yanapoachana: kwenye CV kondruli hukaribia milimita 1, kwenye CM ni ndogo zaidi na nyingi zimegeuzwa na maji kuwa madini ya udongo, na kwenye CI karibu hazimo kabisa. Hiyo I ni ya Ivuna, bondeni Rukwa, kilipoanguka kimondo tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705 tu. Mimi niliikariri herufi hiyo muda mrefu bila kujua kwamba ni ya huku kwetu!

Maelezo yangu ya kwanza niliyapamba: "mishipa ya chumvi nyeupe, ushahidi wa maji ya kale angani." Msimamizi akauliza swali moja tu: jiwe limekaa kabatini miaka mingapi? Nikanyamaza. Salfeti, yaani hizo chumvi nyeupe, huyeyuka na kuhama kwa unyevu wa hewa tu, kisha hujenga mishipa mipya hapa hapa duniani. Juu ya barafu nako chumvi hutoka ndani ya jiwe ikachanua kwenye ganda, kama inavyochanua kwenye udongo wa Ivuna, ambako watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi. Ndiyo maana kwenye daraja la kutu, kuanzia A (kidogo), B, hadi C (nyingi), huongezwa herufi ndogo e pale chumvi inapoonekana kwa macho. Na ndiyo maana vipande vyembamba vya hadubini havikatwi kwa maji. Ukikata kwa maji, ushahidi umeuosha.

Namba inayofuata herufi za kundi, kama 2 ya CM2, ni rahisi: 1 maji yameligeuza jiwe karibu lote, 2 kwa sehemu, 3 kidogo sana. Ukisita kati ya 1 na 2, andika 1/2. Mara nyingi isotopu za oksijeni, yaani atomi zake zenye uzito tofauti, ndizo zinazokata shauri, na kipimo hicho hufanyika maabara za mbali. Kipande kikienda huko, kiende na maelezo yako yote, hata kama nafasi ya jina la kundi iko wazi.