Sikupata Skolashipu, Niliomba Kazi

Wadogo zangu,

Tangu niseme nafanya uzamivu (PhD) wa uhandisi huku Sweden na kwamba chuo ndicho kinachonilipa, swali linalonijia ni lile lile: "Kaka, skolashipu uliipataje?" Ukweli ni kwamba sikupata skolashipu. Niliomba kazi.

Huku mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo. Halipi ada, hata awe ametoka nje ya Ulaya. Ana mshahara unaokatwa kodi, ana likizo, na akiugua anaendelea kulipwa sehemu ya mshahara. Utafiti ni wa miaka minne. Ukipangiwa kufundisha, haizidi asilimia 20 ya muda wako, nao muda huo unafidiwa mwishoni. Msishtuke mkiona mkataba wa kwanza ni wa mwaka mmoja au chini yake. Ndivyo sheria inavyotaka, kisha unahuishwa.

Kwa hiyo msikae mkitafuta neno "skolashipu". Fungueni kurasa za ajira za vyuo vyenyewe, kama KTH, Chalmers au Uppsala. Tangazo linataja mradi ambao fedha zake zimeshapatikana: betri, haidrojeni, gridi ya umeme, nishati ya upepo. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikiwatumia maprofesa barua ile ile, nabadilisha jina tu. Hakuna aliyejibu. Barua iliyonifikisha kwenye usaili ilikuwa na aya moja kuhusu tatizo la mradi wenyewe, yaani kwa nini betri ya sodiamu inapungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na kazi niliyofanya kwenye shahada ya umahiri inayogusa jambo hilo. Aya moja tu, lakini ilinichukua wiki mbili za kusoma.

Zipo pia nafasi za uzamivu za mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, kwa raia wa nchi yoyote. Sharti lake linaangusha wengi: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi inayokuajiri. Wewe uliye nyumbani bado, sharti hilo linakubeba. Usikimbilie kuja kwanza ndipo uombe.

Na anayekudai pesa ili akutafutie profesa, achana naye kabisa.

Sasa yale nisiyoyaweka kwenye picha. Betri ninazopima ni ndogo kama kifungo cha koti. Kuichaji moja na kuimaliza chaji mara 500, kila mzunguko saa mbili, ni kama siku 42. Mwaka wangu wa kwanza kundi zima liliharibika kwa sababu unyevu uliingia nilipokuwa nazifunga. Siku zile hazirudi. Nililia, ndugu zangu, na nilikaa wiki nzima bila kumwambia mtu, jambo ambalo najuta kuliko betri zenyewe. Msimamizi alipojua aliniuliza tu safari ijayo nitazifungaje.

Mshahara unamtosha mtu mmoja kuishi kwa staha. Haujengi nyumba. Naomba hilo mlielewe hata kabla ya kuniomba.

Mkipata tangazo, nitumieni pamoja na ile aya moja mliyoandika kuhusu mradi. Nitaisoma, hata iwe usiku, na nitawaambia wazi kama bado haijakaa sawa.