Maswali ya Wasomaji: Wiki tatu zimepita, je, nimechelewa?

Majina ya walioandika na ya vyuo vyao yamehifadhiwa.

SWALI: Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma. Wiki tatu zilizopita nilikwenda gheto, yaani chumba cha kupanga, kwa mwanafunzi mwenzangu kuchukua mitihani ya miaka iliyopita, akafunga mlango na kunibaka. Sikupiga kelele kwa sababu nguvu ziliniishia, na sina jeraha lolote. Niliporudi nilioga na kufua nguo. Niliyemwambia ni rumeti wangu tu, naye akaniuliza mbona nilikwenda mwenyewe. Je, nimeshachelewa? Naogopa pia kwamba nikifeli nitapoteza mkopo.

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Ulikwenda kuchukua karatasi, na kwenda kuchukua karatasi hakujawahi kuwa ridhaa ya jambo jingine. Kuhusu kelele na majeraha yanayokusumbua, Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, haidai kuwepo kwa alama za ukinzani mwilini ili kuthibitisha kwamba tendo lilifanyika bila ridhaa, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba katika kosa hili ushahidi ulio bora ni wa aliyetendewa mwenyewe.

Anza na hospitali, hata kama hujaamua lolote kuhusu polisi, kwa sababu kupokea matibabu hakukulazimishi kufungua kesi. Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, ofisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hupatikana mahali pamoja, ili mtu asisimulie mkasa ule ule kwenye ofisi nne tofauti. Ukifika mapokezi usijieleze mbele ya foleni. Mwambie muuguzi kwamba unaomba kuzungumza naye faragha, naye atajua la kufanya. Unaweza kuingia na mtu unayemwamini, na daktari anapaswa kukuomba ruhusa kabla ya kukupima, nawe una haki ya kukataa kipimo kimoja na kukubali kingine. Kwa sasa utapimwa ujauzito, utapimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa, na utapimwa VVU, kipimo ambacho utakirudia miezi mitatu ikitimia tangu siku ya tukio. Ukikosa usingizi, ukishtuka ovyo au ukiona huwezi kupita mtaa ule, mweleze daktari hayo pia, maana ushauri nasaha ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kwa wasomaji wengine niseme hapa kwamba saa 72 za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Ndani ya muda huo mtu anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazomezwa kwa siku 28, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba nayo hutolewa hadi siku ya tano. Akiweza asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa aziweke bila kuzifua katika bahasha ya kaki, si katika nailoni, kwa kuwa unyevu uliofungiwa huharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, ile PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini huduma ya dharura haipaswi kuisubiri.

Tukirudi kwako, kuchelewa kuripoti hakufuti kosa, ingawa mahakama itataka kujua kwa nini ulichelewa. Kwa hiyo leo hii, kabla kumbukumbu haijachanganyika, andika tarehe, saa, mlikozungumza, nani alikuona ukiingia au ukitoka, ulimweleza nani na lini, na kilichokuzuia kwenda polisi. Usifute jumbe zake za simu, hasa kama aliomba radhi. Ukiamua kuripoti, ujue kwamba kesi itakuwa ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo itakayoshtaki, nawe utakuwa shahidi, na kwamba ushahidi katika makosa haya hutolewa faragha, si mbele ya umati. Adhabu ya kubaka mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30, na ndiyo maana baadhi ya familia za watuhumiwa hufika mapema na bahasha za pesa zikitaka mambo yamalizwe kifamilia. Usisaini karatasi yoyote ya namna hiyo. Mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bila malipo.

Kuhusu masomo, mwone mshauri wa wanafunzi, au dawati la jinsia la chuo kama lipo. Unaweza kuomba mtihani maalumu, kubadilishiwa hosteli au kundi la semina, au kuahirisha masomo. Kabla ya kujaza fomu ya kuahirisha, muulize ofisa mikopo bumu lako, yaani pesa za kujikimu za mkopo, litakuwaje na utaratibu wa kulirejesha utakaporudi, na upate majibu hayo kwa maandishi. Binafsi naona kubadilishiwa kundi la semina ni jambo la kuombwa mapema, kwa sababu hakuna sababu ya wewe kukaa dawati moja na mtu huyo huku ofisi zikijadiliana.

SWALI: Rafiki yangu alibakwa na hataki mtu ajue. Tunataka kuweka picha ya huyo kaka kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili wengine wajihadhari. Tutakosea wapi?

JIBU: Mtamkosea rafiki yenu. Picha ikishawekwa, darasa zima litatafuta binti ni nani, na watampata kabla ya jioni. Nanyi mnaweza kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Mwambieni rafiki yenu kwamba mnamwamini, mwulizeni anataka nini, mumsindikize hospitali akikubali. Siri yake mtaivunja tu akisema anataka kujiua au maisha yake yakiwa hatarini.

SWALI: Mhadhiri ameniambia alama zangu "zitarekebishika" nikikutana naye nyumba ya wageni. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, bila malipo, kabla ya siku aliyokupangia, na usijaribu kumtega peke yako. Mtego waachie wao. Hifadhi jumbe zake zote. Wakati huo huo omba kwa maandishi karatasi yako isahihishwe na mhadhiri mwingine, ukizingatia muda wa rufaa za matokeo uliowekwa na chuo, kwa kuwa muda huo hausimami eti kwa sababu uchunguzi wa rushwa unaendelea.