Kuhamisha monadi kutoka Haskell kwenda OCaml
Ndugu yangu, nimekuelewa: programu yako ya kurekodi uzito wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, iliandikwa kwa lugha ya programu ya Haskell, na unapoihamishia lugha ya OCaml huoni mbadala wa do, neno linalounganisha hatua za monadi (mpangilio ambamo matokeo ya hatua moja hupitishwa kwa inayofuata). Nami nilikwama hapo hapo. OCaml haina madaraja ya aina (type classes, utaratibu wa Haskell wa kuchagua utekelezaji kulingana na aina ya data) yanayokuchagulia monadi, kwa hiyo itakubidi utamke mwenyewe kwamba let*, alama inayofanya kazi ya do, ni Option.bind (thamani ipo au haipo) au Result.bind (thamani au kosa), uwezo ulioingia katika toleo la 4.08 mwaka 2019. Kwangu Result ni bora, kwani hubeba sababu ya kosa. Usitamke zote mbili mahali pamoja, maana ya pili huifunika ya kwanza. Ikiwa rekodi hizo ndizo zinazoamua malipo ya wavuvi, mwombe mtaalamu azikague kwanza.