Binti yangu anaogopa nukta yangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma chuo Dodoma. Meseji zake zinanichosha: "Mama", kimya, "shkamoo", kimya, "upo?", kimya, "cjala". Nne kwa jambo moja! Mimi humjibu kwa sentensi kamili. Juzi nilimwandikia "Sawa." na nukta yake, akanipigia simu analia, anauliza amenikosea nini. Naona lugha imemharibikia, na nahofia akili itafuata.
Mama wa watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Binti yako hajakuandikia barua. Anaongea nawe, ila kwa kidole gumba. Angekuwa hapo barazani kwako angefanya vilevile: angeita "Mama!", angesubiri umwitike, angekuamkia, ndipo aseme ana njaa. Vile vimya unavyoviona ni nafasi anazokuachia uitikie. Watafiti waliopima mazungumzo katika lugha kumi duniani walikuta kwamba mtu akiulizwa, kwa kawaida hujibu baada ya takriban sehemu ya tano tu ya sekunde. Sasa mtoto aliyezoea mwitiko wa namna hiyo, ukimwacha nusu saa, anaona umempa mgongo. Nukta nayo ni hivyohivyo. Meseji ikishatumwa imekwisha yenyewe, kwa hiyo nukta anaitafutia sababu, na sababu anayoipata ni hasira.

Hili nililionja kabla simu hazijaja. Mwaka 1974, nikiwa darasa la sita hapa Lindi, niliwaandikia barua watu wa mtaani kwetu. Jirani mmoja mumewe alikuwa baharia. Alikalia mbuzi akikuna nazi, huku akinitamkia: "Mwambie nguo za watoto zimekwisha," kisha akacheka, cheko la mke anayemchokoza mumewe. Niliandika nguo. Cheko nililiacha, sikujua linaandikwaje. Jibu lilipokuja, mume alikuwa amekasirika, anasema anasimangwa. Mama yule alinitazama tu, na mpaka leo naumia.

Mwaka 1982, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Scott Fahlman alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano viwe alama ya utani, maana wenzake waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta hawakujua lipi mzaha, lipi kweli. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yangu. Zile sura za njano anazokutumia binti yako, mwanangu, ndilo cheko lile.

Lakini hofu yako ya akili siipuuzi. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alifundisha kwamba mtoto huanza kwa kusema na wenzake, kisha maneno hayo huhamia ndani yakawa fikra. Mimi naamini hata mkubwa yanamfika: anayeongea vipande vipande kutwa huzoea kufikiri akiwa na mtu wa kumwitikia. Fikra ya upweke, ya kulibeba jambo mpaka mwisho, humpungukia.

Jirani yangu alikuwa nayo, na hakujua kusoma. Barua yake ilikaa chini ya mto siku nne ikingoja msafiri. Katika siku hizo alinijia mara mbili: "Lile neno la mawifi zangu, lifute." Barua ilimpa muda wa kubishana na nafsi yake. Huku kwetu tumeishi na barua kitambo. Zile kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu.

Basi meseji zake usizisahihishe. Mwitikie upesi, hata kwa "ee mwanangu", bila nukta. Ila mwombe kila mwezi akuandikie barua moja ya karatasi, juu ya jambo moja linalomsumbua. Akishaiandika ailaze siku tatu, aisome tena, ndipo aitume kwa basi. Nawe mjibu kwa karatasi, na humo nukta zako zote ziweke.